Alama za Jirani

Karatasi ilikuwa na duara moja kubwa lililokatwa vipande vinane kama keki: afya, kazi, fedha, ndoa, watoto, marafiki, imani, mapumziko. Mwezeshaji alikuwa mwanamke kutoka Nairobi mwenye viatu vyeupe ambavyo vumbi la Isiolo lilikuwa limeshaanza kuvishughulikia. Alituambia tujipe alama katika kila kipande, sifuri ikiwa katikati ya duara na kumi ukingoni. Ukimaliza unaunganisha nukta zako na unapata gurudumu la maisha yako. "Kama gurudumu lako si la mviringo," akasema, "jiulize linabingirika vipi."

Warsha ilikuwa ya watumishi wa umma, katika ukumbi wa hoteli, na mada ilikuwa kujikubali. Nilikwenda kwa sababu mkuu wangu alinituma, na kwa sababu chai ya saa nne ilikuwa na sambusa. Nimebakisha miaka miwili kufika hamsini, nina shahada mbili, na kwa muda mrefu nimejiona kuwa mtu asiyeweza kutikiswa na keki iliyochorwa kwenye karatasi.

Afya nikajipa saba. Kisha nikamfikiria jirani yangu anavyoinua mtungi wa lita ishirini kwa mkono mmoja huku ameshika simu kwa mkono wa pili, nikafuta, nikaandika tano. Kazi nilianza na nane, maana nina ofisi yenye mlango. Nikakumbuka kwamba jirani hana ofisi na watu humfuata hadi kwake, ilhali mimi nina ofisi na watu hupita mbele ya mlango wakiinamisha vichwa nisije nikawaita. Nikaandika sita. Mapumziko yalinimaliza kabisa. Yeye hulala mchana kwenye mkeka, mdomo wazi, simu ikilia pembeni, na akiamka haombi mtu radhi. Mimi nina mto wa daktari na dawa ya usingizi ya majani, na bado nalala kama mlinzi.

Nilipounganisha nukta nilipata kitu kama chapati iliyoumwa na mbwa. Nikageuza karatasi, na bila kuambiwa na mtu nikachora duara la pili, nikamjazia jirani alama zake. Likawa duara safi. Lingebingirika mpaka Moyale bila kusimama.

Mwishoni mwezeshaji alitugawia karatasi nyingine, tupu, twende tukaijaze nyumbani pamoja na mtu tunayemwamini. Nilijua mara moja ni nani nitampelekea, na sitadai kwamba kuaminiana ndiko kulikokuwa mbele ya mawazo yangu.

Niseme basi jirani huyu ni nani. Tulikaa dawati moja katika shule ya msingi hapa mjini, yeye binti wa Kiborana ambaye jamaa zake wana ngamia kule Korbesa, mimi binti wa Mmeru aliyeletwa Isiolo na kazi ya serikali akasahau kurudi milimani. Yeye alikuwa akinakili hesabu zangu. Mimi nilikuwa najaribu kunakili kicheko chake na sikuwahi kupata hata nusu. Alipomaliza kidato cha nne aliolewa mwaka uleule, nami nikamlilia, kwa kuwa nilikuwa nimesoma vitabu vilivyonieleza kwamba hayo ni mambo ya kulilia. Kisha nikaenda chuo kikuu. Nilirudi baada ya miaka mingi nikiwa na vyeti, mume na masanduku matano ya vitabu. Tukajenga mtaa wa Wabera, na ukuta uliokuja kuzuia ua wetu ukawa ni ukuta wake.

Anauza maziwa ya ngamia. Yanaletwa asubuhi kutoka malishoni, yeye anaonja kila mtungi kwa kifuniko, na akikunja uso mtungi huo unarudi ulikotoka bila mjadala. Mengi hupanda basi la Nairobi, machache huuzwa hapahapa, na kikombe kimoja hupita juu ya ukuta kuja kwangu. Kila asubuhi hunisalimia kwa Kimeru, "Muga," nami namjibu kwa Kiborana, "Nagaa," tukacheka kama watu waliobadilishana viatu.

Bwana wake hununua na kuuza mbuzi. Jioni akirudi huvuta kigoda akaketi kando ya mke wake wakati anaosha mitungi, akaanza kumsimulia yote: nani aliuza beberu mgonjwa, nani alidanganya umri wa mbuzi, dalali gani aliangukia matope. Yeye hucheka mpaka anashika ukuta. Ukuta huo ni wetu sote wawili, kwa hiyo ninajua. Mimi na mume wangu pia tunaongea. Tunaongea kuhusu tangi la maji na mtungi wa gesi.

Jumamosi alasiri nikaenda na karatasi yangu. Nilimkuta ameketi uani akifukiza vibuyu vya maziwa ya nyumbani, anaingiza kijinga cha moto ndani, anazungusha, anatoa, ili maziwa yasiharibike upesi na yashike ile ladha ya moshi.

"Nimepewa kazi ya kufanya nyumbani," nikamwambia.

"Na hiyo mvi yote bado unapewa kazi ya shule?"

"Ni ya sisi wawili. Unajipa namba, sifuri mpaka kumi. Afya."

"Ni ya nini?"

"Ya mtu kujijua."

"Mimi najijua. Ni wewe ulikuwa unapotea tukienda kuchota maji."

"Nipe tu namba."

Alikitazama kijinga. "Weka nne."

"Nne? Wewe?"

"Goti iko hapo. Weka nne."

"Kazi."

"Hii kazi ya maziwa? Tatu."

"Watoto."

Alizungusha kibuyu. "Wako tu. Weka tatu."

"Una watoto wanne, wote wamesoma, wote wanakupigia simu kila siku, mpaka mimi nazijua sauti zao."

"We dada, umeuliza ama unabishana?"

Nikaweka tatu. "Ndoa."

Akacheka, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Huyo mzee? Tatu. Hata hiyo tatu ni kwa sababu ni wewe umeuliza."

Tukaendelea hivyo mpaka kipande cha nane. Nilipounganisha nukta zake, gurudumu lake lilikuwa dogo kama kifungo cha shati, limejikunyata katikati ya karatasi.

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Ukweli ni kwamba nilipewa kikombe cha maziwa na sijawahi kunywa maziwa matamu kama yale. Nilirudi kwangu, hatua arobaini kutoka lango lake hadi langu, nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Miaka yote nilidhani ninaishi kando ya duara kamili, kumbe ni kifungo. Jioni ile kicheko chake kilipokuja juu ya ukuta nilikisikiliza kwa namna nyingine, kama mpelelezi. Nikajiambia, maskini, anavyojikaza.

Huenda mambo yangeishia hapo kama nisingekuwa na mahali pa kuyaandika. Kila baada ya wiki mbili huwa naandika makala katika ukurasa mmoja wa mtandaoni unaosomwa na watu wa kaunti hizi za huku juu. Makala ya wiki ile nilimwandika "mfanyabiashara mmoja wa maziwa ambaye kicheko chake husikika mitaa miwili, lakini nyuma ya kicheko hicho amebeba ndoa ya tatu juu ya kumi." Naomba msomaji aipitie sentensi hiyo polepole, maana iligharimu asubuhi nzima. Sikutaja jina. Ngamia niliwageuza wakawa mbuzi. Niliamini kwamba hapo nimemficha vizuri, kana kwamba Isiolo ina wauza maziwa wengi wenye kicheko kile wanaopakana na mwandishi.

Makala ilipendwa kuliko yoyote niliyowahi kuandika. Ilizunguka katika makundi ya simu ya kanisa, ya ofisi na ya wazazi wa shule. Mchungaji wangu aliniambia imemgusa. Kwa siku mbili nilikuwa mtu wa kugusa watu na kusifiwa, na kama kungekuwa na kipande cha umaarufu ningejipa tisa.

Siku ya tatu asubuhi niliweka kikombe changu juu ya ukuta kama kawaida.

"Habari ya asubuhi, Madam," jirani akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo tangu niliporudi kutoka chuo. Madam ni jina la mtu unayekwenda kwake na faili.

"Nzuri," nikajibu. "Umeamkaje?"

"Leo hatuna maziwa ya mbuzi," akasema, akakirudisha kikombe upande wangu taratibu, bila kukigonga.

Yaliyobaki niliyapata kwa dereva wa ofisi yetu, Mborana mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye huendesha gari polepole sana anapotaka kusema jambo. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda mwendo wa punda.

"Madam, tulisomewa ile hadithi yako ya mbuzi."

"Ni makala."

"Sawa. Tulisomewa. Na yule bwana wa jirani yako alikuwa soko ya Ngaremara ananunua wanyama yake. Mtu akafungua simu akasoma kwa sauti, wote wanasikia. Sasa hawamwiti jina tena. Wanamwuliza, 'Wewe tatu kwa kumi, leo unabeba mbuzi ngapi?' Amesikia mara moja, mara mbili. Amepanda gari ameenda Korbesa kuona ngamia."

"Si huwa anakwenda?"

"Huwa anaenda wakati wa mvua." Akainama akatazama mbingu kupitia kioo, kwa adabu, kama anayenisaidia kutafuta wingu. "Unaona mvua?"

Sikuiona.

"Na wewe umelelewa hapa," akaendelea. "Unaenda kuambia mtu wetu ahesabu?"

"Niliuliza alama, sikuuliza mifugo."

"Tofauti ni nini? Uniulize ng'ombe, nitasema iko kidogo. Uniulize watoto, nitasema wako. Mtu akitoa kitu yake akasema hii ni kumi, si anaita macho ya watu ikuje?"

"Kwa hiyo ile tatu yake ni ngapi?"

"Hiyo si ya kujua. Shida si hiyo. Shida ni, sasa yule bwana atasema nini? Asimame katikati ya mbuzi aseme hapana, bibi yangu ananipenda kumi? Hawezi. Bibi naye hawezi. Wamenyamaza wote wawili. Na ukinyamaza, ile yenye imeandikwa ndiyo inabaki."

Hapo ndipo ningeweza kusema kwamba nilifunguliwa macho, kwamba mila za watu wengine zilinipita, msichana wa milimani mimi. Lakini nilijua. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, nilitembelea boma la jamaa za jirani, mbuzi wakawa wanarudi, nikaanza kuwahesabu kwa sauti na kwa fahari ya mtoto wa kwanza darasani. Nyanya yake alikuja akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka samli. Hakukasirika, aliniziba tu mpaka mbuzi wote wakapita. Nimeshaandika makala nzima kuhusu kiganja kile, yenye maneno magumu, nikiwaeleza watu wa Nairobi kwa nini mfugaji hatangazi idadi ya wanyama wake na kwa nini hajisifii kilicho chake. Walioisoma waliniita mtaalamu.

Kwa hiyo sikukosea kwa kutojua. Nilipomwona jirani anasema nne, tatu, tatu, nilijua kabisa ninachosikia, na papo hapo nikachagua kutojua, kwa sababu niliitaka ile tatu. Niliihitaji. Mtu mwenye wivu hawezi kuipuuza habari mbaya ya jirani hata kama anajua si habari.

Jioni ile nilisikiliza ukuta. Mitungi ilioshwa bila maneno. Kila baada ya muda maji yalimwagwa, basi. Siku ya pili hivyohivyo. Nilikuwa nimetamani kwa miaka mingi kicheko kile kinyamaze kidogo nipate kupumzika, na sasa kilikuwa kimenyamaza, na sikupumzika.

Nikaenda. Nilifika langoni kwake nikashindwa kubisha hodi, nikabaki nimesimama na mkono kwenye komeo.

"Ingia ama toka," akasema kutoka ndani. "Lango si ya kukaa hapo katikati."

Nikaingia. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Ya mbuzi ama ya ngamia?"

"Ya yote."

Hakunipa kigoda. Alikuwa anapanga mitungi mitupu, akaendelea kuipanga.

"Ulijua sisi hatusemi kitu yetu ni nzuri."

"Nilijua."

"Si ungeandika nane, basi? Si kalamu ni yako?"

"Nilitaka iwe tatu."

Hapo aliacha mitungi. "Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu lenye maneno kama shinikizo na ubunifu. Likanipotea. "Nina wivu," nikasema.

"Na nani?"

"Na wewe. Tangu darasa la nne."

Alinitazama anavyotazama kifuniko chenye maziwa ambayo mtu ameyatia maji: hana hasira, anapima tu ni kiasi gani. Nilisubiri aseme kwamba hata yeye amekuwa akionea wivu vyeti vyangu. Katika masimulizi ninayopenda kusoma, watu wawili hugundua wakati kama huo kwamba walikuwa wakitamaniana maisha. Hakusema. Sidhani kama vyeti vyangu vimewahi kumpitia akilini.

"Wivu si kitu kubwa," akasema mwishowe. "Hata mimi nina wivu na yule mwenye friza kubwa kule chini. Ile friza naiota. Lakini mimi siendi kuandikia watu kwamba friza yake inanuka."

"Nifanye nini?"

"Mimi siwezi kuitoa hiyo tatu. Nikisema bwana yangu ni mzuri, najisifu. Yeye akisema, ni mbaya zaidi. Wewe ni mtu wa nje, na ni wewe uliiweka. Utaitoa."

"Nitaandika masahihisho."

"Kwa mdomo. Mbele ya wale walisikia. Ijumaa baada ya swala bwana yangu atakuwa amerudi, kaka yangu kule Korbesa hawezi kukaa na yeye zaidi ya hapo. Na ukuje na mzee wako. Usikuje peke yako kama mtu hana watu."

Ijumaa nilifika na mume wangu, mtu wa maneno machache, aliyevaa shati la harusi za wengine. Njiani hakuniuliza kitu. Bwana wa jirani alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwembamba, kofia nyeupe, amerudi na vumbi la safari kwenye nyusi. Kando yake walikuwa wazee wawili wanaonunua naye mbuzi, wale wale waliosikia simu ikisomwa. Jirani alileta buni zilizokaangwa kwenye samli, ambazo huletwa watu wanapotaka neno lililoharibika litengenezwe, akaketi nyuma kidogo ya mume wake.

Nilianza na utangulizi. Nilikuwa na utangulizi wa dakika tano kuhusu uandishi na jamii.

"Madam," mzee mmoja akasema, "mbuzi zetu ziko kwa jua."

Nikauacha. "Niliandika uongo," nikasema. "Niliandika kwamba nyumba hii ni tatu. Nimekaa nyuma ya ukuta huu miaka kumi na miwili, na ninajua si tatu. Huyu bwana akirudi jioni hapiti moja kwa moja ndani kama watu wengine. Anakaa na mke wake anamsimulia siku nzima."

"Sema mashallah," mzee yule akasema.

"Mashallah. Na mke wake anamsikiliza, hata habari za dalali aliyeangukia matope, ambazo nimezisikia mara tatu."

"Mashallah, sema."

"Mashallah. Mke akiwa mgonjwa, huyu bwana ndiye anayeonja maziwa asubuhi, na hajui kuonja, anakubali mitungi yote, na mke hamtukani."

"Hapo sina hakika kama ni mashallah," mzee wa pili akasema, "lakini sema."

Nikasema. Kisha nikafika mahali ambapo sikupapanga. "Mimi nikiwa upande ule huzima redio ili niwasikie. Ninasimama karibu na tangi. Chakula changu kimeungua mara nyingi kwa sababu hiyo. Ndiyo maana aliponiambia tatu nilifurahi. Ni wivu. Hamna kitu kingine."

Hakuna aliyesema sema mashallah. Bwana wa jirani aliziweka chini buni zilizokuwa mkononi mwake.

"Umesema unazima redio?" akauliza.

"Ndiyo."

"Tulidhani stima ndiyo inapotea kwenu." Akamgeukia mke wake. "Si nilikuambia? Nilisema hawa watu stima yao ina shida." Akacheka wa kwanza, kicheko kidogo cha puani, na mke wake nyuma yake akaanza kile kikubwa, na sikuwa nimekisikia kwa siku tisa.

"Lakini wewe," mzee wa kwanza akamwambia, "kumbe mambo ya mbuzi zetu yote unapelekea bibi? Hata ile yangu ilikuwa na kikohozi?"

"Hiyo alikuwa anajua kabla mimi nijue."

Basi wakaanza kurushiana mambo ya mbuzi mwenye kikohozi, na nikaelewa kwamba tatu imeondoka na mbuzi huyo amechukua nafasi yake. Nilidhani tumemaliza. Ndipo mzee wa pili, ambaye hakuwa na haraka kama mwenzake, akanigeukia.

"Na wewe yako ni ngapi, Madam? Si ulikuwa unahesabu?"

Wote wakamtazama mume wangu. Ningeweza kujificha nyuma ya desturi yao, niseme tuko tu. Lakini sisi wa milimani si watu wa namna hiyo. Tunahesabu hata parachichi zikiwa bado mtini. Na nilikuwa nimeshasema ukweli mwingi kiasi kwamba uongo mmoja ungeonekana.

"Sita," nikasema.

Mume wangu alitafuna buni yake mpaka ikaisha. "Mimi ningesema tano na nusu," akasema.

Walimpenda papo hapo. Mzee akampigapiga bega, akamwongezea buni. Tulipotoka, tukiwa barabarani kati ya lango lao na letu, mume wangu aliniuliza, "Hiyo nusu yako ya juu uliitoa wapi?"

"Leo," nikamwambia. "Umevaa shati, umekuja na mimi, na hukuniuliza maswali."

"Maswali yapo," akasema.

Nayo yakaja, moja baada ya jingine, tukiwa tumeegemea tangi, kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi kuongea kuhusu maji yaliyomo. Mengine yalikuwa magumu. Hakuna nililolijibu lililonifanya nistahili saba. Lakini sita, nimegundua, inakalika. Ni namba yenye mlango na madirisha. Miaka yote nilikuwa naiangalia kama kumi iliyokosa nne, na sijawahi kuingia ndani nikaona imepangwa vipi.

Sitaki mtu adhani kwamba wivu umeisha. Jirani amenunua friza, kubwa kuliko ile ya kule chini, mashallah, na siku ilipoletwa nilijikuta nikitafuta kama ina mkwaruzo. Ilikuwa nao, karibu na mguu wa nyuma. Nilifurahi kama dakika moja, kisha nikaenda nikamwambia nimeuona mkwaruzo na nimefurahi, akanijibu kwamba alijua nitauona, ndiyo maana aliuelekeza ukutani. Mwezeshaji wa viatu vyeupe alituambia tujikubali tulivyo, na nilidhani anamaanisha tukubali yale mazuri yetu tunayoyadharau. Labda alimaanisha hivyo. Mimi nililokuwa nalo la kukubali ni hili, na halikuwa na kipande chake kwenye duara.

Jirani aliweka sharti kwamba chochote nitakachoandika kuhusu jambo hili asomewe yeye kwanza. Kwa hiyo nimemsomea haya jana, uani kwake, yeye akiwa amejinyoosha kwenye mkeka na kiganja kimefunika macho. Alirekebisha mambo mawili. Alisema goti lake kweli linauma, na kwamba si mara zote hamtukani mume wake. Nilipofika mwisho nilidhani amelala.

"Rudi nyuma," akasema. "Pale ulisema una wivu tangu darasa la nne."

Nikarudi nikapasoma.

"Tena," akasema, bila kuondoa kiganja. "Polepole, usiharakishe hapo."

Nikapasoma tena.